Simu ya Zamani Inapoanza Kugoma: Kutenganisha Uchakavu na Kuachwa na Mtengenezaji

Wengi wanaoniletea simu za zamani hapa Mwanza huwa wameshapita kwa mafundi wawili au watatu, na kwa kila fundi wameacha pesa. Mama mmoja anayeuza dagaa Kirumba alikuwa amebadilishiwa betri, akawekewa kioo kipya, kisha simu ikafutwa yote na kuanzishwa upya, ilhali shida aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu: WhatsApp, ambako wateja wake wa Dodoma na Dar es Salaam humwagizia mzigo, ilikuwa imegoma kufunguka. Betri ya awali ilikuwa nzima, na kioo hakikuwa na kosa. Kilichokwisha ni huduma ya mtengenezaji, na hiyo haina kipuri.

Simu iliyozeeka huugua maradhi ya aina mbili ambayo kwa nje yanafanana sana. La kwanza ni uchakavu: betri iliyochoka, hifadhi iliyojaa, tundu la chaji lililolegea, unyevu ulioingia ndani. Hilo fundi analitibu. La pili ni kuachwa: mtengenezaji ameacha kutuma masasisho ya mfumo, na programu moja baada ya nyingine zinaanza kuikataa simu ambayo kwa mwili haina kasoro yoyote. Hilo fundi halitibu, na anayekutoza pesa kwa ajili yake anakuonea hata kama hakukusudia. Kwa hiyo, kabla ya kufungua mkoba, ni lazima ujue unashughulika na lipi kati ya hayo mawili.

Anza kwa kusoma mambo matatu

Fungua Mipangilio, shuka hadi Kuhusu simu, kisha uandike kwenye karatasi toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Jambo la tatu ni tarehe na saa ya leo jinsi simu yenyewe inavyoiona, ambalo watu wengi hulipuuza na ambalo mara kadhaa limekuwa ndilo jibu lote.

Toleo la Android linakueleza ni programu zipi bado zitaikubali simu hiyo. Tarehe ya sasisho la usalama inakueleza mtengenezaji aliikumbuka lini kwa mara ya mwisho, kwa sababu tangu Agosti 2015 Google imekuwa ikitangaza kila mwezi marekebisho ya kasoro za usalama za Android, na ni wajibu wa kila mtengenezaji kuyafikisha kwenye simu alizouza. Ikiwa tarehe hiyo imepita kwa zaidi ya mwaka mmoja, na ukibonyeza kutafuta sasisho simu inajibu kwamba imeshasasishwa, jibu hilo lisikufariji. Kwa kawaida maana yake ni kwamba hakuna kingine kilichoandaliwa kwa ajili ya modeli hiyo. Hakikisha tu kwamba hifadhi haijajaa na kwamba una bando la kutosha au Wi-Fi, kwa kuwa upungufu wa hivyo viwili huzuia sasisho lililopo lisishuke.

Kwenye iPhone utaingia Mipangilio, kisha Jumla. Modeli za 5s, 6 na 6 Plus zinaishia iOS 12, na 6s inaishia iOS 15. Kwa haki niseme kwamba iPhone 5s, iliyotoka mwaka 2013, ilipokea sasisho la usalama hadi Januari 2023, muda ambao simu nyingi za Android za bei nafuu za enzi hizo hazikuufikia hata nusu.

Wapo wanaoniuliza kwa nini mtengenezaji asiendelee tu, maadamu simu inawaka. Sababu mojawapo ni kwamba hafanyi kazi hiyo peke yake. Ndani ya simu kuna chipu iliyotengenezwa na kampuni nyingine, kama vile Qualcomm, MediaTek au Unisoc, na kila toleo jipya la Android linahitaji kampuni hiyo itoe programu za kuendesha chipu yake chini ya mfumo mpya. Kampuni ya chipu ikishaacha, mtengenezaji wa simu anabaki na gharama ambayo haoni faida ya kuibeba, kwa kuwa simu ile alishaiuza. Mpangilio uliokuja na Android 8 mwaka 2017, wa kutenganisha sehemu ya chipu na sehemu nyingine za mfumo, umepunguza ugumu huo, ila haukuuondoa.

Dalili: tovuti hazifunguki, au zinatoa onyo la usalama

Hii ndiyo dalili inayopotosha watu kuliko zote, kwa sababu mtu hudhani bando limeisha au mtandao wa eneo lake ni mbovu, hasa akiwa Ukerewe au kwenye visiwa vidogo ambako mtandao kweli huyumba. Lakini angalia: ikiwa tovuti fulani zinafunguka na nyingine zinaleta onyo kwamba muunganisho si salama, basi mtandao hauna hatia.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni tarehe. Kila tovuti salama ina cheti, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Simu iliyokaa bila chaji hadi betri ikaisha kabisa inaweza kuamka ikiamini kwamba huu ni mwaka 2015, na kwa hesabu yake cheti cha leo kitakuwa bado hakijaanza kutumika. Ingia Tarehe na saa, washa saa inayotolewa na mtandao, na uhakikishe kanda ya saa ni ya Afrika Mashariki, yaani saa tatu mbele ya saa ya Greenwich. Ikiwa tatizo lilikuwa hilo, limekwisha, na hujatumia hata shilingi.

Tarehe ikiwa sahihi na onyo bado lipo, chanzo cha pili ni orodha ya vyeti iliyomo ndani ya simu. Simu haiamini cheti cha tovuti hivi hivi. Inaangalia kama kimetolewa na mtoaji aliyemo kwenye orodha yake, na kwenye simu za zamani orodha hiyo iliganda siku ya sasisho la mwisho. Mfano ulio wazi ni wa Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bila malipo kwa mamilioni ya tovuti duniani. Cheti kikuu cha zamani ambacho vyeti vyake viliegemea kilikwisha muda tarehe 30 Septemba 2021, na kile kipya hakimo kwenye simu zenye Android iliyo chini ya 7.1.1. Shirika hilo liliwatafutia wenye simu hizo njia ya muda, lakini njia hiyo nayo ilifungwa mwaka 2024. Ndiyo maana simu iliyokuwa ikifungua tovuti fulani bila shida ilianza kuikataa, wakati mwenyewe hakugusa kitu.

Dawa yake ni kubadilisha kivinjari. Firefox hubeba orodha yake ya vyeti na haitegemei ile ya simu, kwa hiyo toleo lake lolote ambalo Duka la Play bado linaipa simu yako linaweza kufungua tovuti ambazo Chrome inazikataa. Usikubali ushauri wa kubonyeza endelea hivyo hivyo kila onyo linapotokea. Kwa tovuti ya habari madhara yanaweza kuwa madogo, ila mazoea hayo yatakufuata hadi siku unapoandika nywila ya barua pepe au ya benki.

Ikiwa tovuti inafunguka lakini imevurugika, maandishi yamepandana na vitufe havibonyezeki, kivinjari chenyewe ndicho kilichobaki nyuma. Chrome ilisimama kwenye toleo la 119 kwa simu za Android 7, na kwenye toleo la 138 kwa simu za Android 8 na 9. Tangu Agosti 2025 matoleo mapya ya Chrome yanahitaji Android 10 au zaidi. Hakuna mpangilio wa kubadilisha hapo.

Dalili: WhatsApp inasema toleo limepitwa na wakati

Rekebisha tarehe kwanza, kwa sababu WhatsApp nayo hugoma ikiona tarehe isiyo sahihi. Kisha angalia hifadhi, kwa kuwa simu iliyojaa picha na video za makundi haiwezi kushusha sasisho. Baada ya hapo nenda Duka la Play ujaribu kusasisha. Ikiwa sasisho halipatikani, linganisha toleo lako na masharti ya WhatsApp yenyewe: kwa Android inahitaji 5.0 au zaidi, na kwa iPhone, tangu Mei 2025, inahitaji iOS 15.1 au zaidi. Mwenye iPhone 6 basi amefika mwisho, na mwenye 6s bado yumo.

Hapa naomba msomaji asiwe na haraka, kwa maana hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Mtu akiona WhatsApp inagoma huambiwa aiondoe na kuiweka upya, au airudishe simu katika hali ya kiwandani. Kwenye simu inayohudumiwa na mtengenezaji ushauri huo si mbaya. Kwenye simu iliyoachwa unaweza kuwa ndio mwisho wake, kwa sababu kilichokuwa kinakufaa ni zile programu za zamani zilizokwisha kuwekwa na kuingia kwenye akaunti tangu wakati zilipokubaliwa. Ukishazifuta, simu inarudi na programu za siku ilipotoka kiwandani, na huenda duka lisizitoe tena. Simu za Android 4.4, kwa mfano, huduma za Google Play ziliacha kuzihudumia Agosti 2023. Tena, tangu Android 5.1, simu iliyofutwa inaweza kudai akaunti ya Google iliyokuwamo awali, na nimeona watu wengi waliofunguliwa akaunti hiyo dukani siku ya kununua simu na hawakuijua kamwe. Yule mama wa Kirumba alipoteza hivyo majina ya wateja aliowakusanya kwa miaka, na hilo liliniuma kuliko betri aliyouziwa bure.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, okoa vilivyomo. Ikiwa WhatsApp bado inafunguka, ingia kwenye mipangilio yake ya gumzo na uhifadhi nakala kwenye akaunti ya Google. Kumbuka kwamba siku hizi nakala hiyo inahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure za akaunti yako, hivyo ondoa video kwenye nakala kama nafasi ni ndogo. Ikiwa haifunguki tena, usikate tamaa: kwenye Android nakala ya mazungumzo huwa imehifadhiwa pia ndani ya simu, kwenye folda ya WhatsApp, katika folda ndogo iitwayo Databases. Ihamishe folda nzima kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta, iweke mahali panapolingana kwenye simu mpya, kisha uisajili WhatsApp kwa namba ile ile. Majina ya simu nayo yasafirishe kuwa faili moja, au yaingize kwenye akaunti ya Google, badala ya kuyaacha kwenye kumbukumbu ya simu.

Jambo la kuepuka kabisa ni zile WhatsApp zilizorekebishwa, zinazopitishwa kwa Bluetooth au kwa kiungo na kusifiwa kwamba hukubali simu yoyote. Hazitoki kwa wenye WhatsApp, hujui aliyeifungua aliongeza nini ndani, na wenye WhatsApp huzifungia akaunti zinazozitumia.

Dalili: Duka la Play linasema kifaa hakioani

Maana yake ni kwamba waandishi wa programu hiyo wameweka kiwango cha chini cha Android na simu yako iko chini yake. Wakati mwingine duka hutoa toleo la zamani lililokuwa likiikubali simu, iwapo mwenye programu ameliacha lipatikane. Kwenye iPhone, programu uliyowahi kuishusha itafute kwenye orodha ya ulizonunua, na huenda ukaulizwa kama unataka toleo la mwisho linaloifaa.

Programu za benki na za pesa huwa za kwanza kukataa, na kusema kweli zina haki, kwa sababu simu isiyopata marekebisho ya usalama ni mlango ambao kitasa chake kinajulikana na wezi. Hapa tuna bahati ambayo watu wa nchi nyingi hawana: huduma zetu za pesa hazitegemei simu janja. M-Pesa inapatikana kwa *150*00#, Mixx by Yas kwa *150*01#, Airtel Money kwa *150*60#, na HaloPesa kwa *150*88#. Menyu hizo huendeshwa na mtandao wa kampuni ya simu, na kitochi hupata menyu ile ile inayopatikana kwenye simu ya bei kubwa. Ushauri wangu kwa mwenye simu iliyoachwa ni aondoe programu zote za pesa na abaki na menyu hizo.

Dalili: simu ni nzito, inapata moto, au inazima ghafla ikiwa na asilimia 30

Sasa tumerudi kwenye uchakavu, na hapa fundi mzuri anastahili malipo yake. Betri ya lithiamu hupungua nguvu kadiri inavyochajiwa, na joto huiharakisha: simu inayoshinda kwenye dashibodi ya daladala au juani kwenye mtumbwi huzeeka mapema. Betri iliyochoka haiwezi kutoa umeme mwingi kwa mkupuo, hivyo simu huzima unapofungua kamera ingawa kiwango kinaonyesha bado ipo chaji. Baadhi ya simu hupunguzwa kasi kwa makusudi ili zisizime. Apple ilikiri Desemba 2017 kwamba ilikuwa ikifanya hivyo kwa iPhone zenye betri zilizochakaa, na Februari 2020 ilikubali kulipa faini ya euro milioni 25 nchini Ufaransa kwa kutowaeleza wateja. Kubadilisha betri katika hali hiyo kulirudisha kasi. Hivyo uzito wa simu pekee si ushahidi kwamba imeachwa.

Ikiwa mgongo wa simu umevimba au kioo kimeinuka pembeni, acha kuichaji mara moja, usiibonyeze wala kuitoboa, na umpelekee fundi siku hiyo hiyo.

Hifadhi iliyojaa nayo huleta uzito. Acha walau sehemu ya kumi ya nafasi ikiwa wazi.

Dalili: simu inaonyesha Android mpya, lakini programu zinaikataa

Hapo shuku simu yenyewe. Ziko simu bandia ambazo kwenye Kuhusu simu zimeandikwa toleo jipya, ilhali ndani yake mfumo ni wa zamani kwa miaka mingi. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ya kuhakiki simu. Fanya hivyo dukani kabla ya kulipa, mbele ya muuzaji, na linganisha namba hiyo na ile iliyoandikwa kwenye boksi. TCRA ilizima simu bandia Juni 2016, lakini uuzaji wake haukukoma siku hiyo.

Je, mfumo mwingine unaweza kuwekwa?

Kwa baadhi ya modeli, ndiyo. LineageOS ni mfumo uliojengwa juu ya Android na watu wanaojitolea, nao umezifufua simu nyingi ambazo viwanda vilizisahau. Nimeufurahia mwenyewe na ninauheshimu. Hata hivyo, orodha ya simu ambazo mfumo huo unazikubali ina mipaka, modeli nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu hazimo, kazi yenyewe hufuta kila kitu, na programu za benki mara nyingi hukataa simu iliyofunguliwa kufuli lake la kuwashia. Fundi akikuahidi kuongeza Android kwa kuifleshi simu yako, yaani kuiwekea mfumo upya, mwombe akuonyeshe jina kamili la modeli yako na faili lililotengenezwa kwa ajili yake hasa. Faili la modeli inayofanana linaweza kuiua simu moja kwa moja.

Ukiamua kununua nyingine

Usiulize kamera ina megapikseli ngapi kabla hujauliza masasisho yataendelea hadi mwaka gani. Google iliahidi miaka saba kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung ikafanya hivyo kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024. Miaka hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipoingia sokoni, wala si tangu siku uliyoinunua, kwa hiyo simu iliyotumika unayoipata Mwanza ikiwa na miaka minne imebakiwa na mitatu. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, una kanuni inayotaka masasisho yaendelee walau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa. Kanuni hiyo hailindi soko letu, lakini modeli inayouzwa kule na huku ina nafasi nzuri zaidi ya kuhudumiwa, na kwa mwenye bajeti ndogo ningeanzia hapo.

Simu ya zamani si lazima itupwe. Inapiga, inapokea, inatuma pesa kwa menyu na inasikiliza redio, na kwa kazi hizo inaweza kumfaa mzazi aliyeko Sengerema kwa miaka mingine. Kabla ya kumpa, hamisha picha na majina, toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti ya Google kupitia Mipangilio ili simu isije ikamdai mwenzako nywila yako, zima Bluetooth na Wi-Fi, na kwa simu hii ambayo haitatumika kwa intaneti, sasa unaweza kuifuta.